Mwaka Tuliokaanga Ugali

Nilipiga kelele ndani ya mkahawa wa watu, pale Buruburu, mchana kweupe, na mimi ni nyanya mwenye wajukuu. Mhudumu akaja mbio akidhani nimeungua. Nekesa, aliyeketi mbele yangu, akacheka hadi akashika meza kwa mikono miwili, kwa kuwa yeye alijua tangu mwanzo. Ndiyo maana aliniambia nifumbe macho kabla ya kuuma. Nekesa ni rafiki yangu wa ujana. Tulikaa milango inayopakana kule Makongeni, kisha maisha yakampeleka ng'ambo kuwa muuguzi, na tangu hapo tumekuwa tukionana kwa simu tu. Sasa amerudi, ana mvi, ana miwani, na kile kicheko chake hakijazeeka hata kidogo. Binti yake Linet ndiye aliyetuleta kwenye mkahawa huo ambao vijana wanaupigia foleni Jumamosi. Akaagiza kitu cha Kihispania anachokiita churosi. Sahani ikaja: vijiti virefu vya unga vilivyokaangwa, vina mifereji mifereji ubavuni, vimegaragazwa kwenye sukari na mdalasini, na kando kikombe kidogo cha chokoleti ya moto. Niliuma kimoja. Nje kikalia kwacha, ndani kilikuwa laini na chenye unyevu kidogo, na ulimi wangu ukakijua kabla yangu mimi mwenyewe.

"Nekesa!" ndipo nikapaza sauti. "Hizi ni reli!"

"Ni reli, Mutheu."

"Ni ugali wetu!"

Linet akatutazama mmoja mmoja. "Mum, ugali gani tena?"

Basi lazima nieleze, maana tangu siku ile silali vizuri kwa furaha. Mimi ninaijua dunia hii kwa makarai yake. Ukitaka mahamri ya tui la nazi, yale yanayofura yakawa matupu ndani kama mfuko, nenda Pwani, au ukishindwa nauli uende Pumwani kwa akina mama waliotoka huko. Kaimati tafuta Pumwani na Eastleigh mwezi wa Ramadhani, na usikawie, ukifika magharibi utakuta sinia limelambwa. Mandazi ya pembe tatu yako kila mtaa wa Nairobi, ila ya Buruburu yana iliki na ya Makongeni yana ukubwa. Ngumu nazo, ambazo vijana wa leo wamezibatiza jina la wanajeshi, ziko kila kibanda, na mwenye meno mabovu azipite mbali. Nilienda Kampala kwa harusi nikalishwa kabalagala za ndizi, nikaziwaza njia nzima ya kurudi. Nilienda Dar nikaonja kitumbua, nikarudi hapa nikakitafuta mpaka nikachoka. Kila mahali na unga wake, ndivyo Mungu alivyogawa. Lakini reli zilipatikana mahali pamoja tu chini ya jua: nje ya geti letu la Makongeni, mwisho wa laini ya akina mama wauza vyakula, saa za alasiri watu wa karakana ya reli wakitoka kazini. Ukivuka Jogoo Road hadi Maringo, hukuzipata. Kaloleni hukuzipata. Nimeishi miaka yangu yote nikiapa kwamba kitu kile kilizaliwa mikononi mwetu kikafa pamoja na ile laini, kumbe kilikuwa na ndugu zake huko Uhispania, na sasa wamekuja hadi Buruburu kunitafuta!

Habari za ukoo nitaziruka, zina wenyewe wanaozisimulia kwenye matanga. Mimi nataka ule mwaka mmoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga taipu, na nilikaa kwa dada yangu Ndinda katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la maua katikati. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda cha dada na mumewe. Upande wa mlangoni kulikuwa na makochi mawili, meza, stovu ya mafuta ya taa, redio, mtoto wao Kyalo, na mimi. Kila kitu kilikuwa na kitambaa cha kushonwa kwa mkono juu yake, hata redio, na ole wako uweke kikombe juu ya kitambaa. Shemeji yangu, Baba Kyalo, alikuwa karani wa reli, mtu mpole anayekunja gazeti kwa kufuata mikunjo yake ya asili. Ndinda alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili, miguu imemvimba, na jioni zote ugali niliusonga mimi. Nilibisha kila ofisi iliyokuwa na mlango. Nyingine walikuwa wameshanunua zile mashine mpya za kuandikia, na taipu yangu wakaitazama kama nguo iliyopitwa na wakati.

Pazia halizuii sauti. Jumapili moja baada ya chakula, wakidhani nimelala kwenye kochi, nikamsikia shemeji akisema taratibu, "Ndinda, mtoto akija tutamlaza wapi? Kwa dirisha?"

"Mutheu anatafuta kazi, Baba Kyalo."

"Anatafuta, simkatai. Lakini Musyoka anapita na lori mwisho wa mwezi wa nane. Kama hatakuwa na kazi, aende naye nyumbani. Akiipata, akae, hata tukilala wima."

Musyoka ni kaka yetu mkubwa, dereva wa malori ya saruji, na nyumbani ni Kibwezi, ambako mjomba alikuwa na duka na alikuwa ameshasema nitakaa nyuma ya kaunta. Jamani, Kibwezi ni kwetu na ninapapenda. Lakini nilikuwa nimeshaonja Nairobi. Nilikuwa nimeshazoea kuamshwa na honi ya treni, na Nekesa akibisha ukutani mara mbili maana yake maji yamekuja, na mara tatu maana yake kuna umbea. Nililala pale kochini macho yametoka, nikasema moyoni, mimi sirudi, na aliyenizaa ananijua nikisema sirudi. Jioni hiyo nikabisha ukutani mara tatu.

Nekesa aliposikia alishika kiuno. "Manze, huendi popote. Tutauza kitu. Laini si hiyo hapo nje?"

Laini ilikuwa hapo nje kweli, mama mmoja baada ya mwingine kuanzia kwenye geti hadi kwenye mtaro, na ilikuwa na sheria yake ambayo haikuandikwa popote: kitu kimoja, mtu mmoja. Muuza viazi hauzi mandazi, muuza mandazi hauzi mayai, na mgeni haingii na bidhaa ambayo tayari ina mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa Mama Rispa, mwanamke mnene wa kutoka magharibi aliyekaanga samaki kwenye karai ambalo mtoto angeweza kuogea. Hakuinua macho kutoka kwenye samaki wake tulipokwenda kumwomba nafasi.

"Mnataka kuuza nini?"

"Mandazi, Mama."

"Mandazi ni ya Mama Kevo."

"Basi kaimati."

"Bi Zuhura huyo hapo. Mwulizeni kama ameaga dunia."

"Ngumu je?" akasema Nekesa.

"Wa ngumu wako wawili na hawaongeleshani. Chapati iko, viazi karai viko, muhogo uko." Akageuza samaki. "Leteni kitu ambacho hakuna mtu kwa hii laini anauza. Hapo ndiyo mje mniongeleshe. Na msiniletee keki."

Tulizunguka mitaa tukitafuta hicho kitu. Tulienda Shauri Moyo, Bahati, hadi Jericho, tukinusa makarai ya watu kama paka. Kila tulichokiona kilikuwa kimeshapata mwenyewe kwetu, na kisichokuwa na mwenyewe hatukujua kukipika. Mwezi wa saba ukaisha. Ndinda akaanza kukunja nguo zangu vizuri kuliko kawaida, na mtu akianza kukukunjia nguo vizuri ujue unakwenda mahali.

Sasa ndipo lilipotokea lile kosa tamu kuliko yote niliyowahi kukosea. Ndinda alihifadhi unga katika mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, mmoja wa mahindi, mmoja wa ngano, yote imepauka rangi. Jumamosi mchana aliniambia nisonge ugali, shemeji anakaribia kufika na omena ziko tayari. Nekesa alikuwa ameketi juu ya kochi ananisimulia habari ya mchungaji na baiskeli yake, na mimi nacheka, maji yanachemka, nikachota unga nikamwaga, nikashika mwiko. Mwiko ukakataa. Nikausukuma kwa nguvu za Kikamba, unga ukajikusanya wote ukawa donge moja linalong'aa, linalovutika, linaloufuata mwiko kila unakokwenda.

"Mutheu," Nekesa akaniambia polepole, "huo ni ugali wa nini?"

Asi! Nikafunua mikebe. Nilikuwa nimesonga unga wa ngano.

Nekesa akaanguka kutoka kwenye kochi. Nasema kweli, alianguka, akabaki sakafuni akipiga zulia kwa kiganja. Ndinda akatoka nyuma ya pazia na tumbo lake mbele, akachungulia sufuria, akasema kwa ile sauti ya mama yetu, "Huo unga hautupwi kwangu. Nilikuwa nimeuweka wa chapati za wageni. Mtaula." Tukajaribu. Unameza kipande, kipande kinakataa kushuka, kinakaa hapa kooni kikingoja ushauri. Ndipo Nekesa, machozi ya kicheko bado yako shavuni, akafanya kile ambacho mama yake hufanya na kiporo chochote: akabana kipande kirefu kwa vidole, akakitupa kwenye mafuta ya moto. Kikalia chwaa, kikageuka rangi ya asali. Akakitoa, akakipitisha kwenye bakuli la sukari ya chai, akakivunja katikati. Sehemu yake akaitia mdomoni, na mimi ya kwangu. Akatazama stovu, nikatazama mlango, tukatazamana. Ndinda akanyoosha mkono naye akachukua, na akachukua tena. Shemeji alipofika alikuta hakuna ugali, hakuna omena iliyopakuliwa, ila wanawake watatu wamesimama kuzunguka sufuria wakigombea vipande vya mwisho. Akala kimoja akiwa na kofia kichwani bado. "Hii inaitwaje?" akauliza. Nikamwambia, "Shemeji, hii inaitwa mimi nabaki Nairobi."

Nilijitapa mapema. Siku iliyofuata tulitengeneza nyingi, tukazifinyanga mviringo, nene, nzuri, laini pande zote, tukaanza kukaanga. Ya tatu ilipasuka. Ilipasuka mle ndani ya mafuta kwa mlio wa tairi, mafuta yakaruka hadi kwenye pazia la maua, na alama yake ninayo hapa juu ya kiwiko. Ya nne ikapasuka pia. Ndinda akapiga marufuku. "Nina mtoto tumboni na mwingine chini ya meza. Huo ugali wenu wa vita upelekeni nje!" Tukahamia uani, tukawa tunakaanga huku tumejikinga na mfuniko wa sufuria, kila moja ikilia tunaruka nyuma. Lakini utauzaje chakula ambacho mteja anapaswa kukikimbia? Nililia siku hiyo. Nekesa naye akanikemea, "Wee, wacha kulia kwa mafuta, yataruka tena."

Aliyetuokoa alituokoa kwa majivuno yake. Kariokor, katikati ya wauza viatu vya tairi na mikoba ya ngozi, kulikuwa na mchongaji wa kwetu aitwaye Mzee Kilonzo, na Ndinda alitutuma kwake tukachukue mwiko mpya, maana ule wa zamani tulikuwa tumeuvunja. Nikamwomba pia atuchongee kitu cha kusukumia unga ili vijiti vitoke sawasawa: kinu kidogo chembamba chenye tundu chini, na mchi wa kusukuma kutoka juu. Nikamchorea tundu la mviringo chini mavumbini. Mzee Kilonzo akalitazama akakunja pua.

"Tundu hivi? Hili ni tundu la panya."

"Linatutosha, Mzee."

"Linawatosha nyinyi. Mimi nimechonga twiga waliopanda ndege na watalii. Siwezi kutoboa tundu la panya watu wakauliza ni kazi ya nani." Akatuchongea tundu lenye ncha kama nyota, akalipiga msasa hadi likateleza, na akatufukuza tulipotaka kubisha. Kwa hiyo vijiti vyetu vikaanza kutoka na mifereji ubavuni kote, na kuanzia siku hiyo hakikupasuka hata kimoja. Sisi tulidhani ni baraka ya mzee. Juzi pale mkahawani Linet akasoma kwenye simu yake kwamba mifereji ile ndiyo inayoupa mvuke njia ya kutokea, na bila hiyo kijiti hupasuka. Kumbe! Nekesa akaweka kikombe chini akasema, "Tuliokolewa na maringo ya mzee." Tukacheka upya, watu wakageuka kututazama, na mhudumu safari hii hata hakusogea.

Tukaenda kwa Mama Rispa na sinia lililofunikwa kwa kitambaa safi. Akaonja, akasema tu tuje Alhamisi alasiri, laini yote itakaa kutuamua. Nilihesabu kwamba Musyoka angefika Jumamosi, hivyo tulikuwa na nafasi ya kupumua. Lakini Alhamisi, nikiwa ninajifunga leso, nikasikia lori likishusha pumzi nje barabarani, na kaka yangu akaingia akiwa na vumbi la Mombasa kwenye nyusi. Saruji yake ilikuwa imeshushwa mapema. "Uko tayari?" akaniuliza, akanywa maji kikombe kizima. Ndinda hakunitazama. Mfuko wangu wa nguo ulikuwa mlangoni umeshafungwa, Musyoka akauchukua akaupeleka kwenye lori.

"Kaka, nipe muda kidogo tu," nikamwambia aliporudi. "Nina kesi."

"Kesi gani?"

"Ya ugali."

Akanifuata hadi kwenye laini kwa sababu hakuniamini. Akasimama nyuma ya watu, kijiti cha meno mdomoni, mikono imekunjwa. Akina mama walikuwa wameketi juu ya makreti na ndoo zilizopinduliwa, sinia letu likapita mkono kwa mkono, kila mmoja akaonja, na kwa dakika chache hukusikia ila kwacha kwacha za meno. Nikaona wengine wakilamba vidole na moyo wangu ukanyanyuka. Ndipo Mama Kevo wa mandazi akasimama.

"Hii ni mandazi yangu mmenyoosha. Sasa mtu akimnyoosha mtoto wangu, atakuwa wake?"

"Mie nanena hivi, wanangu," akasema Bi Zuhura, kanga yake imemkaa sawasawa. "Kitu kilichoingia mafutani kikatoka kikavikwa sukari, hicho ni jamaa ya kaimati. Tena kinakosa mdalasini. Lakini ni jamaa, na jamaa yangu haniuzii mlangoni pangu."

Mama Rispa akainua mkono wake wenye mafuta ya samaki. "Ngojeni. Nyinyi wasichana, mmetia hamira?"

"Hatukutia."

"Mmekanda?"

"Hatukukanda, Mama," nikasema. "Maji yanachemka, tunamwaga unga, tunasonga kwa mwiko."

"Mnasonga?"

"Tunasonga."

Akageukia wenzake. "Basi si mandazi. Na Bi Zuhura, wewe unasonga kaimati?"

"Nisonge kaimati nimerogwa?"

Nekesa alinifinya mkono. Tulikuwa tumeshinda! Nami nikageuka kumtazama Musyoka nione kama amesikia. Lakini mwisho wa laini akasimama Mama Shiro, mwenye kihoteli cha mabati, upawa bado mkononi, na akasema bila haraka, "Kitu kinasongwa kwa maji moto na mwiko ni ugali. Nimesonga ugali hapa tangu hawa wakinyonya. Na ugali kwa hii laini ni wangu. Si ndiyo sheria, Mama Rispa?"

Ilikuwa ndiyo sheria. "Woiye," Nekesa akanong'ona, "tumekwisha." Nilimwona Mama Rispa akikuna shingo, akitafuta njia ya kutukataa kwa upole, na nilimwona kaka yangu akitazama saa yake. Damu ikanipanda. Mimi nikikasirika sauti yangu hupasuka, na ilipasuka pale mbele ya laini nzima.

"Mama Shiro, kama ni ugali, lete sukuma!"

"Unasemaje?"

"Ugali unaliwa na mboga. Lete sukuma wiki, Mama Rispa ale. Ikiweza kuchota mboga, ni ugali, ni yako, na mimi napanda lori lile pale. Haya!"

Mtu akapiga mluzi. Mama Shiro, ambaye hakuwa mwanamke wa kurudi nyuma, akaingia kihotelini akatoka na sahani ya sukuma yenye vitunguu na mchuzi. Mama Rispa akavunja reli moja, akajaribu kuchotea sukuma kama mtu afanyavyo kwa tonge la ugali. Reli ikavunjika. Akachukua nyingine, akaisukuma chini ya mboga, akabahatika kupata jani moja, akaliinua likining'inia, mchuzi ukitiririka hadi kiwikoni, akatia mdomoni: sukari, sukuma, vitunguu, mafuta. Sijui nikuelezeeje uso ule. Macho yalikwenda huku na mdomo kule. Alitafuna kwa sababu ni mwenyekiti, akameza kwa sababu ni Mkristo, kisha akasema, "Mayi! Yesu nisaidie," na laini nzima ikaangua kicheko. Mama Kevo alicheka akashikilia mti wa stima. Bi Zuhura akajifunika uso kwa kanga. Mama Shiro mwenyewe akaonja mchanganyiko ule ili aone kama ni njama, akatema pembeni, akacheka mpaka upawa ukamdondoka.

"Si yangu," akasema akifuta macho. "Hiyo chukueni. Si yangu kabisa!"

Mama Rispa akanywa maji, akanawa mkono, akatuonyesha mtaro kwa kidole. "Hii si mandazi, si kaimati, si ugali. Haina mwenyewe, kwa hivyo wenyewe ni nyinyi. Mtakaa pale mwisho. Mkileta mandazi hata moja, nawafukuza."

Nekesa alinirukia tukaangukiana. Saa ile ile watu wa karakana wakaanza kutoka kwenye geti, wametapakaa grisi, na mmoja wao, mzee wa vyuma, akainama juu ya sinia, akaitazama ile mifereji iliyonyooka, akauliza, "Hizi reli ni za kuuza ama za kuangalia tu?" Basi jina likapatikana, na ndani ya muda mfupi tukawa tumezungukwa. Nekesa anapokea pesa, mimi nasukuma unga kwenye karai la kuazimwa, jasho linaingia machoni, na sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala siku ya harusi yangu, na mume wangu akisoma hapa anisamehe.

Nilipoinua kichwa, Musyoka hakuwepo. Nikaona lori kule barabarani, na mlango wa dereva uko wazi. Kaka yetu akishaamua jambo hajadili na mtu, hata mama hamrudishi. Nikawaza, anawasha injini, ataniita, na nitakwenda, kwa kuwa sikulelewa kumkatalia. Kisha nikamwona anarudi akipita katikati ya watu, amebeba mfuko wangu wa nguo. Akauweka chini kando ya kibao changu, pakavu, mbali na mtaro, akapanga foleni nyuma ya watu wa grisi. Akangoja zamu yake. Nilimhudumia aliyekuwa mbele yake bila kuona ninachofanya.

"Nipe za njiani," akasema alipofika. "Na za mama uzifunge kando."

Nikazifunga. Akatoa pesa, nikazisukuma kurudi kwake. "Kaka, chukua tu."

"Mutheu." Akaziweka kwenye kopo la Nekesa yeye mwenyewe. "Ukianza kugawia ndugu, nitarudi kukuchukua."

Alitembea hadi kwenye lori akila, sukari ikimdondokea kifuani, akapanda. Kifurushi cha mama akakiweka kwenye kiti nilichokuwa nikae mimi, akavua sweta lake akakiegemezea kisianguke, akafunga mlango, akaenda zake.